Gundi ya Bafuni

Maiti zilikuwa zinaelea matumbo juu, na kila aliyeingia sebuleni kwa Bwana Taherali alinyamaza kwanza, kama aliyefika msibani.

Inspekta Apolonia Ngasa alivua viatu mlangoni, maana kwa watu hufuatwa ya watu, akasogea mpaka kwenye tangi. Lilikuwa tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtu mmoja, fahari ya nyumba ile na ya mtaa mzima. Watoto wa Shinyanga mjini walikuwa wakiomba kuingia ili tu wawatazame samaki wekundu, wa manjano, na wale wadogo wenye mikia mipana kama khanga iliyotandazwa. Leo hakuna aliyekuwa anaogelea.

Kituoni walikuwa wamemcheka. Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya alimpa kazi hiyo huku akikohoa kwa kicheko: "Nenda kwa Taherali, kuna mauaji ya halaiki." Naye Koplo Maganga, msaidizi wake, aliuliza abebe pingu au ndoano. Apolonia aliwaacha wacheke. Katika miaka yake ya upelelezi hakuwahi kuona kesi ndogo. Aliwaona wapelelezi wadogo tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Umeona? Umeona nilichofanyiwa?" Taherali alikuwa mzee mnene wa duka la vitenge, mwenye ndevu nyeupe zilizotunzwa. Macho yake yalikuwa mekundu. "Leo samaki, kesho sisi. Huyu mtu alikuwa anafanya majaribio!"

"Mtu gani?"

"Paskazia. Huyo hapo uani."

Paskazia alikuwa mtumishi wa nyumba ile tangu ujana wake. Koplo alikuwa amemketisha kwenye kigoda karibu na pipa lake la maji. Mwanamke mwembamba wa makamo, mikono na miguu yote imepauka kwa kazi, ametulia tuli. Mbele yake, juu ya kitambaa, palikuwa na vitu vilivyotolewa kwenye fundo lake: gauni moja, rozari, na pakiti ya dawa ya kunyunyizia pamba.

Mke wa Taherali, Dhanbai, ndiye aliyelifungua fundo hilo mbele ya majirani.

"Sumu hiyo," alisema Dhanbai, akiishika ncha ya ukaya wake wa kichwani. "Tulikuwa Kahama kwa binti yetu Nazia, amejifungua. Paskazia naye nikampa ruhusa aende kwao Songwa. Tumerudi Jumapili sote. Jumatatu samaki wanapumulia juu. Leo wote wamekufa. Nani mwingine ana sumu ndani ya nyumba hii?"

"Nyumba ilibaki na nani?"

"Na mimi, afande."

Aliyejibu alikuwa kijana mrefu aliyeegemea mlango. Imran, mtoto wa marehemu mdogo wake Taherali, aliyelelewa humo tangu wazazi wake walipofariki kwa ajali akiwa hajaota meno ya mbele. Kijana msafi, shati limenyooshwa.

"Uliona nini, Imran?"

Aliangalia mazulia. "Jumapili jioni nilimwona karibu na tangi. Alikuwa na kitu mkononi."

"Kitu gani?"

"Kama pakiti."

"Utaandikisha hivyo?"

"Nitaandikisha."

Uani, Paskazia aliinua uso, akamtazama Imran kupitia mlango uliokuwa wazi. Hakukuwa na hasira katika macho yale. Apolonia aliliona hilo na likamsumbua kuliko samaki wote.

Akarudi kwenye tangi. Alikuwa na desturi ya kukitazama kitu mpaka kichoke na kusema chenyewe. Kwanza aliona alama ya maji: mstari wa chokaa uliokuwa umejichora kwenye kioo kwa miaka, na maji ya leo yakiwa chini yake vidole vinne. Pili aliona gundi ya pembeni. Juu na ubavuni ilikuwa imezeeka, rangi ya chai ya maziwa, na ukijani wa kuvu umeingia ndani yake. Lakini kule chini, kuzunguka sakafu ya tangi, ilikuwa angavu na mpya, kama jino la bandia kwenye kinywa cha babu.

Tatu, alimwona Taherali. Mzee huyu, badala ya kuiondoa mizoga ya samaki wake, alikuwa anazamisha mkono mpaka begani na kupapasa changarawe za chini.

"Unatafuta nini, mzee?"

"Hakuna. Hakuna kitu." Akautoa mkono upesi, maji yakidondoka kwenye zulia.

Apolonia alijaza chupa moja ya maji ya tangi kama kielelezo, akachukua pakiti, na Paskazia akapandishwa kwenye pikapu ya polisi.

* * *

"Jina lako kamili."

"Paskazia Lukelesha."

"Hii dawa ni yako?"

"Ni yangu, afande. Ya kaka yangu wa Songwa. Mvua zimegoma, na wadudu wamebaki kumaliza kile kidogo kilichoota. Niliwaona nikiwa huko, niliporudi nikanunua niitume."

"Uliwapa samaki?"

"Hapana."

"Mbona haijafunguliwa?"

"Kwa sababu si ya kwangu kufungua."

Lilikuwa jibu safi, na pakiti yenyewe ilikuwa na mshono wa kiwandani, haujaguswa. Apolonia akaiweka kando.

"Imran anasema alikuona na pakiti mkononi karibu na tangi."

Paskazia aliitazama pakiti iliyowekwa kando.

"Anasema uongo?"

"Mimi sijasema anasema uongo."

"Basi anasema kweli?"

"Afande, mimi sijui kitu."

"Mama Paskazia, nisikilize. Mkuu wangu anataka jalada hili liende mahakamani Ijumaa. Kutia sumu nyumbani kwa watu si kuiba sukari. Unaweza kuzeekea jela ya Butimba. Kuna mtu unamficha?"

Mwanamke alivuta upande wa khanga, akajifunga upya kiunoni, taratibu, kama anayejiandaa kwa safari.

"Niandikie kwamba sijui," alisema.

Apolonia alifunga kalamu. Alikuwa ameshahoji waongo wa kila aina, wa mjini na wa machimboni, na alijua kwamba mwongo huongea sana. Huyu alikuwa anakaba koo lake mwenyewe ili neno lisitoke. Ni mama tu hufanya hivyo, na Paskazia hakuwa na mtoto. Wa kumzaa, yaani.

Mkuu wa Upelelezi alilipokea wazo hilo kwa kuinua nyusi.

"Apolonia, pakiti imekutwa kwake. Shahidi yupo. Unataka nini tena, samaki watoe maelezo?"

"Ndiyo, afande," alisema Apolonia. "Nipe mpaka Ijumaa, watatoa."

* * *

Kesho yake asubuhi alirudi kwa Taherali na Maganga, akasema anataka kuona nyumba nzima. Aliona jikoni, akaona ghala, akaona bafu: sakafu ya saruji iliyopasuka, ndoo, kopo, na msumari wa kutundika taulo. Kisha akatoka uani kwenye pipa la Paskazia.

Mabomba ya mji yalikuwa makavu tangu mwaka mpya, na kila nyumba ilijaza mapipa kwa maji ya mikokoteni. Pipa hili halikuwa la kunywa. Hili lilikuwa la maji ya pili: yaliyosuuza mchele, yaliyofulia mara ya mwisho, yaliyooshea mikono. Paskazia aliyakusanya na kumwagilia tuta lake la mchicha chini ya ukuta. Katika uwanda ule wote uliokauka, tuta lile lilikuwa bichi kama tangazo la biashara.

"Pipa hili ni lake mwenyewe," alisema Dhanbai, aliyekuwa amewafuata. Sauti yake haikuwa na ukali wa jana. "Alilinunua zamani. Hapendi maji yamwagwe. Imran alipokuwa mdogo alimchapa kwa kumwaga kopo moja. Namkumbuka analia, na Paskazia analia naye."

Apolonia aliinua kifuniko. Maji yalikuwa na ukungu wa kijani. Akainama, akakinga mwanga kwa kofia yake.

Kitu kikatikisika. Kidogo, chembamba kama punje ya mpunga, chenye macho mawili makubwa. Kikaja kingine, na kingine.

"Maganga, njoo."

Koplo aliinama, akanyanyuka, akainama tena. "Afande, hawa ni..."

"Mama Nazia, samaki wenu hutaga mayai?"

"Wale wa mikia mipana hawatagi. Huzaa. Vifaranga vyao vidogo hivi..." Dhanbai naye alichungulia, na ukaya ukamteleza kichwani. "Ya Ali! Wamefikaje huku?"

"Kwa maji ya tangi. Nani huyatoa maji ya tangi?"

"Hakuna! Paskazia huongeza tu, kila wiki. Tangi halijawahi kumwagwa tangu lije."

Apolonia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze. Akaagiza mtungi wa kioo wa achari, ukaoshwa, akachota maji ya pipa pamoja na wale mashahidi wake wadogo. Hayo maji ya pipa yalikuwa yametoka ndani ya tangi, na samaki waliomo walikuwa wazima wa afya. Basi sumu haikuwa kwenye maji. Kama haikuwa kwenye maji, ilikuwa kwenye tangi lenyewe.

Akamkuta Taherali sebuleni, ameketi mbele ya tangi lisilo na uhai.

"Mzee, tangi hili lilimwagwa mlipokuwa Kahama. Likafumuliwa chini, likabandikwa upya. Mtu hafanyi kazi yote hiyo kwa ajili ya changarawe. Chini kuna nini?"

"Hakuna..."

"Bwana Taherali, kuna mwanamke analala kwenye sakafu ya mahabusu kwa sababu ya samaki wako. Mimi nakuuliza mara ya mwisho kwa adabu."

Mzee aliutazama mlango, akautazama uso wa mkewe. Mabega yakashuka.

"Majambazi wamevunja masefu ya watu wangapi mji huu? Kila mwenye duka lazima awe na akili. Sakafu ya tangi ni vioo viwili. Katikati kuna nafasi. Fundi aliyelitengeneza alishafariki."

"Ndani yake?"

"Bangili. Za dhahabu ya Geita, za marehemu shemeji yangu, mama yake Imran. Nilizihifadhi kwa ajili ya bibi harusi wake."

"Nani anajua?"

"Mimi na mke wangu. Na Imran, nilimwambia alipotimiza miaka ishirini."

Walitoa mizoga, wakayachota maji ndoo kwa ndoo, na hakuna hata mtu mmoja aliyefikiria kuyamwaga; ndoo zilipangwa uani. Maganga alikata gundi mpya kwa kisu. Kioo cha juu kilipoinuliwa, chini yake palikuwa na kitambaa cha hariri kilichokunjwa vizuri, na kitambaa kilikuwa kitupu.

Taherali alikaa chini kwenye zulia lililolowa, na Dhanbai akamshika mkono.

"Imran yuko wapi?" aliuliza Apolonia.

"Dukani. Usimwambie bado," alisema mzee kwa sauti ndogo. "Zilikuwa za mama yake. Ataumia."

Apolonia alimwangalia mzee yule kwa huruma ya kweli. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mwenye nguo ndiye huwa wa mwisho kujikuna.

* * *

Mjini palikuwa na duka moja tu la maana la vifaa vya ujenzi, la Bwana Nitin, mtu mchangamfu mwenye penseli sikioni. Binti yake Dimple alikuwa upande wa pili wa kaunta, anapanga misumari kwa saizi.

Apolonia aliweka juu ya kaunta kipande cha gundi kilichokatwa kwenye tangi.

"Bwana Nitin, nataka kubandika tangi la samaki. Unanipa gundi gani?"

"Silikoni, mama. Lakini silikoni si moja." Nitin alifurahi, wateja wanaouliza walikuwa wachache. Alishusha tyubu mbili. "Hii ni silikoni tupu, haikuongezwa kitu. Ukiibandika inanuka siki, inachoma pua. Unaiacha, siku kadhaa, mpaka harufu ya siki iishe yote. Hapo unaweka maji, unaweka samaki, hawana shida."

"Na hii nyingine?"

"Aa, hii ghali zaidi, lakini kwa samaki hapana! Hii ni ya bafu, choo, karo la jikoni. Ndani yake kuna dawa ya kuua ukungu. Soma hapa chini, herufi ndogo. Dawa inatoka polepole kwenye maji. Mtu anaoga, hadhuriki. Samaki anaishi humo humo, anainywa mchana na usiku. Atapona vipi?"

"Hiki kipande ni cha ipi?"

Nitin alikinusa, akakivuta kama mpira. "Kwa macho zinafanana. Kwa kukauka na harufu, ningesema ya bafu. Lakini mahakamani siapi."

"Sitakuapisha. Nauliza tu, karibuni uliuza tyubu hii kwa nani?"

"Moja tu nimeuza mwezi huu. Imran wa Taherali. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, ya nini? Akasema bafuni, vigae vinavuja. Nikampa ya bafuni, nzuri kuliko zote. Mimi simdanganyi mteja."

"Vigae," alisema Apolonia. Aliikumbuka ile saruji iliyopasuka, na kopo, na msumari.

Upande wa pili wa kaunta, misumari ilikuwa imeacha kulia. Dimple alikuwa amesimama, mkono mmoja umeukamata mwingine kwenye kifundo, pale bangili zinapovaliwa. Macho yao yalipokutana, binti alishusha uso, akaanza kuichanganya misumari aliyokwisha kuipanga.

Apolonia alinunua tyubu zote mbili kwa pesa yake.

Jioni ile wenzake walipata la kuchekea upya. Juu ya meza ya Inspekta palipangwa mitungi mitatu ya achari, yote ina maji ya pipa na vifaranga vya samaki. Mtungi wa kwanza aliuacha. Wa pili alitia ukanda wa silikoni tupu, aliouanika kwenye bati la moto tangu adhuhuri mpaka siki ikaisha. Wa tatu alitia ukanda wa ile ya bafuni, ulioanikwa vilevile.

"Sasa kituo kimekuwa hoteli ya samaki," alisema Mkuu.

"Wageni wawili watatoka salama, afande," alijibu Apolonia. "Mmoja nina wasiwasi naye."

Alhamisi asubuhi mtungi wa kwanza ulikuwa unacheza. Wa pili ulikuwa unacheza. Kwenye wa tatu, vifaranga vilikuwa vinapumulia juu ya maji, na kufikia adhuhuri vilikuwa vimelala matumbo juu. Mkuu alisimama mbele ya mitungi ile muda mrefu, mikono nyuma. Hakucheka.

"Mlete mtu wako," alisema.

* * *

Apolonia hakumwita Imran kituoni. Alimpeleka Paskazia nyumbani.

Sebuleni walikuwemo wote: Taherali, Dhanbai, Imran, na Koplo mlangoni. Paskazia alikataa kiti, akaketi chini mahali alipozoea. Apolonia aliweka mezani mtungi wa samaki wazima.

"Imran, hawa unawajua?"

"Ni samaki."

"Wametoka kwenye pipa la mama huyu. Waliingiaje?"

"Sijui, afande."

"Bafu la nyumba hii lina vigae?"

"Vi... hapana."

"Sasa tyubu ya bafuni uliyonunua kwa Bwana Nitin uliipeleka wapi?"

Taherali aligeuka taratibu kumtazama kijana, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

"Nilimpa rafiki."

"Jina la rafiki?"

Imran alilitazama tangi lililofumuliwa.

"Nitakusaidia. Ulipobaki peke yako uliyachota maji ya tangi pamoja na samaki kwenye ndoo na mabeseni. Ukafumua sakafu. Ukabandika tena kwa gundi uliyouziwa, na ukayarudisha maji safi, kwa sababu mjini hakuna mengine. Ila yale machafu ya mwisho, yenye matope na vinyesi, hayakufaa kurudi. Mtu wa mahali pengine angeyamwaga mtaroni, na mimi nisingekuwa na kesi. Wewe uliyatia kwenye pipa la mchicha. Hukujua kuna vifaranga ndani yake. Ndiyo au siyo?"

"Afande." Sauti ilitoka chini. Paskazia alikuwa amesimama. "Mwacheni mtoto. Andika kwamba nimefanya mimi."

"Umefanya nini, mama?"

"Nilitia dawa kwenye tangi."

"Pakiti yako haijafunguliwa."

"Nilikuwa na nyingine."

"Na bangili umezipeleka wapi?"

Paskazia alimtazama Apolonia, akamtazama Taherali. "Bangili gani?"

Hapo ndipo wote walipoona, hata Dhanbai. Mwanamke huyu hakuwa anajua wizi wowote. Alikuwa amerudi kutoka Songwa, akaona maji ya tangi yamepungua na pipa lake limeongezeka, akajua kijana wake amefanya utundu fulani na kuua samaki wa watu. Kwa utundu huo tu alikuwa tayari kuoza jela.

"Bangili za mama yake Imran," alisema Apolonia. "Zilikuwa zimefichwa chini ya tangi. Zimeibiwa."

"Ng'wana wane," alisema Paskazia, kwa Kisukuma alichomlelea. Mwanangu. "Wewe?"

Imran alifunika uso kwa mikono yote miwili. Alipoongea, alimwongelesha yeye, si Inspekta.

"Sikuziiba, Mama Paska. Ni za mama yangu. Baba mkubwa amenitafutia mke Karachi, picha imeshaletwa, harusi baada ya mfungo. Nilimwambia namtaka Dimple. Nilimwambia mara ngapi? Akasema binti wa dini nyingine hatavaa bangili za nyumba hii mpaka yeye afe. Nikasema basi nazichukua, tunaondoka, Dimple anazivaa, yamekwisha."

"Na Dimple akasemaje?" aliuliza Apolonia.

"Alizikataa. Akasema nizirudishe. Nilitaka kuzirudisha, wallahi. Samaki wakaanza kufa, watu wakajaa, polisi wakaja..."

"Ziko wapi?"

"Dukani. Ndani ya jora la kitenge la juu kabisa."

"Na pakiti uliyoiona mkononi mwa huyu mama?"

Alilia kwa sauti, kijana mzima. "Sikuiona. Niliogopa. Mama mkubwa alikuwa ameshalifungua fundo, wote wanamtazama yeye. Nikasema kesho nitasema kweli. Kila siku nikasema kesho."

Taherali alikuwa ametoa leso lakini hakujua aifanyie nini. "Inspekta," alisema, "mimi sina kesi. Bangili ni za nyumbani, mtoto ni wa nyumbani. Futa."

"Ya nyumbani mtayamaliza nyumbani, mzee. Lakini kijana aliweka saini maelezo ya uongo mbele ya polisi, na mtu akalala mahabusu kwa saini hiyo. Hilo si la nyumba hii. Koplo."

Maganga alitoa pingu. Hakuuliza habari ya ndoano.

Paskazia alimsogelea Imran. Alikuwa mfupi kwake, ilimbidi ainue kidevu.

"Nilikufundisha maji yasimwagwe," alisema. "Hata machafu. Ulikumbuka. Ukaniwekea kwenye pipa langu." Akamnyooshea kola ya shati. "Na mimi mbona ukanimwaga?"

Dhanbai alijaribu kumshika bega.

"Paskazia, nisamehe. Nilikufungulia fundo mbele ya watu. Chumba chako kipo, rudi."

"Nimekusamehe, Mama Nazia. Wabeja, asante kwa yote. Lakini fundo langu nitalifungia Songwa." Akamgeukia Apolonia. "Afande, naomba pikapu inifikishe stendi. Na pipa langu. Pipa ni langu."

Apolonia alisema itamfikisha mpaka Songwa kwenyewe, na kama Mkuu atauliza habari ya petroli, atamwonyesha mitungi.

Uani, Maganga alilikumbatia pipa ili aliinamishe, lipungue uzito.

"We! Usimwage!" alifoka Paskazia, na Koplo akaruka nyuma kama aliyeona nyoka. Ikabidi waite wabeba mizigo wa sokoni. Lilipandishwa likiwa na maji yake na samaki wake, likafunikwa kwa sinia.

Imran alipandishwa nyuma vilevile, na pingu zake, ateremshwe kituoni. Paskazia aliketi upande huu wa pipa, kijana upande ule. Apolonia alikaa mbele na dereva, lakini aligeuza kioo cha pembeni ili awaone.

Kwenye shimo la kwanza la barabara maji yalipiga sinia, yakaruka pembeni. Kijana alinyoosha mikono yake miwili iliyofungwa pamoja, akalikandamiza sinia kwa viganja, akabaki ameinama hivyo, kichwa chini, machozi yakimdondoka juu ya bati.

Paskazia alimtazama kwa muda mrefu. Walipita soko, wakapita kituo cha mafuta. Mbele lilikuwa shimo jingine, kubwa kuliko la kwanza.

"Shika vizuri," alimwambia.